Mvinyo wa nyumbani: joto na hewa ndiyo maadui

Ndugu Mhariri,

Msimu wa zabibu wa Agosti na Septemba ukifika, huku kwetu Dodoma, pale Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, wapo watakaotengeneza mvinyo nyumbani kwa mara ya kwanza. Wengine ni hamu tu. Wengine mnunuzi hajatokea, na zabibu iliyoiva haisubiri mtu. Wengi wataishia na siki, kisha lawama zitaangukia hamira. Naomba nafasi niitetee.

Chuma alfajiri, tunda likiwa bado la baridi na mbegu zake zimegeuka kahawia. Punje zilizooza zitupe bila huruma. Toa vikonyo, maana vina ukakasi, kisha ponda kwa mikono safi. Blenda hapana: inasaga mbegu, na uchungu wake hautoki tena.

Ndoo ya plastiki ya lita 20, iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, isipokee zaidi ya kilo 14, kwa sababu maganda yatapanda na povu litamwagika. Sufuria za alumini ziacheni jikoni. Asidi ya zabibu inazila. Hamira ya mvinyo, gramu 5, iloweke robo saa kwenye maji ya uvuguvugu, ndipo uimimine. Ile ya mkate nayo inachachusha, ila mvinyo wake huchelewa kutulia na ladha yake si safi.

Kuhusu sukari, wengi humwaga kilo mbili kwa mazoea. Gramu 17 kwa lita moja ya juisi huongeza kilevi kwa asilimia 1 hivi. Kilo 14 za zabibu hutoa kama lita 8, kwa hiyo kilo mbili ni nyongeza ya karibu asilimia 15 juu ya kile ambacho zabibu inacho tayari. Hamira itashindwa njiani, utabaki na kinywaji kitamu kisichokwisha kuchacha. Pima juisi kwa haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari: ikisoma 1.085 hadi 1.095, usiongeze chochote.

Siku tano hadi saba za kwanza, funika kwa kitambaa safi tu, na uzamishe maganda asubuhi, mchana na jioni. Maganda yakikaa juu makavu ndiko siki inakoanzia. Usikaze mfuniko, gesi itaurusha. Na ndoo isikae chini ya bati la moto: ikipita nyuzi 35 hamira huanza kufa. Ikalishe kwenye beseni la maji, izungushie gunia lililoloweshwa. Upepo wetu wa Dodoma utaipoza. Ukisikia harufu ya yai viza, hamira imezidiwa. Koroga kwa nguvu ipate hewa siku hizo za mwanzo.

Baada ya hapo mambo yanageuka, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kamua, mimina kwenye chupa kubwa ya kioo na ujaze hadi shingoni. Ziba kwa kizibo chenye mrija, ncha ya pili izame kwenye glasi ya maji: gesi itoke, hewa isiingie. Chupa iliyojaa nusu ni siki inayosubiri siku yake. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula halifai hata ulioshe vipi.

Mapovu yakikoma, hamisha mvinyo kwa mrija wa mpira uyaache machicha chini. Rudia baada ya mwezi mmoja au miwili. Usitie kwenye chupa ndogo mpaka haidromita isome 0.995 au chini yake, na isomeke hivyo hivyo wiki nzima. Chupa zinazopasuka kabatini ni za waliokuwa na haraka.

Kwa wauzaji wa pembejeo mjini Dodoma, ombi langu ni hili: leteni haidromita, na hamira ya mvinyo katika pakiti za gramu 5. Mwenye ndoo moja hawezi kununua pakiti ya nusu kilo.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma