Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kisukari na Figo Zetu

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nachukua swali lililorudi karibu kila kikao mwaka huu, kwa wa Uyole na wa Tukuyu vilevile: "Mbona figo haziniumi?"

Haziumi, na hapo ndipo zinapotuponza. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Sukari ikikaa juu, mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio hutanuka, presha ya ndani hupanda, ukuta wake hunenepa, kisha huvuja. Kinachotangulia kutoka ni albumini, protini iliyopaswa kubaki kwenye damu. Wakati huo kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua figo zinavyochuja, inaweza kusoma vizuri, na mtu anaenda zake shamba.

Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo huchelewa. Mara nyingi hubadilika rangi albumini ikishakuwa nyingi. Ombeni uwiano wa albumini na kreatinini. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu ya kreatinini ni kawaida. 30 hadi 300, uvujaji umeanza na bado unazuilika. Pelekeni mkojo wa asubuhi, ule wa katikati ya kukojoa. Mwenye homa, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au hedhi asubiri, maana majibu yatamdanganya. Kisukari aina ya pili hupimwa hivi kila mwaka tangu siku kilipogundulika. Aina ya kwanza, kuanzia mwaka wa 5.

Sasa wale wanaoshangilia kwamba "sukari imeshuka yenyewe". Figo zilizochoka huchelewa kuondoa insulini mwilini, hivyo dozi ileile ya siku zote inaanza kukuangusha. Huko si kupona. Ukiamka alfajiri unatetemeka na shuka limelowa jasho, kunywa maji ya sukari kwanza, kisha siku hiyohiyo nenda kliniki ukapime kreatinini.

Msimu wa viazi migongo inauma, na diklofenaki, dawa ya maumivu, inanunuliwa kama pipi. Ukiichanganya na losartani, dawa ya presha, na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuzidiwa ndani ya siku chache. Mumeze parasetamoli. Na aliyeanzishiwa losartani au enalaprili, nayo ya presha, arudi baada ya wiki 1 hadi 2 kupima kreatinini na potasiamu, madini ya kwenye damu. Wengi wetu haturudi, tunasubiri dawa iishe.

Kikao cha kwanza cha mwakani, kila mmoja aje na daftari lake la kliniki likiwa na uwiano huo wa albumini na kasi ya figo kuchuja. Katibu hatayaandika majibu hayo popote. Ataangalia tu kama yapo.

Mweka hazina, karibu.