Kutafuta kwa jina hakutoshi huku kwetu

Bwana Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu yenye ilisema mtu mwenye kujaza ekrani ya ordinatere na mafishie ni mtu wa fujo, eti siku hizi unaandika tu jina kwenye kisanduku cha kutafuta na kitu kinatoka. Mimi sikubali, na nasema hivi juu ndiyo kazi yangu, niko na kabiro ka kuskani na kuimprime hapa Nyawera, Bukavu.

Tuanze na majina. Mama anakuja anataka akte ya kuzaliwa ya mtoto wake Murhula, tulimskania zamani kidogo. Mwenye aliskani aliandika Murula bila h, ao hakuandika kitu, mashini ikaiita yenyewe scan0047, sasa wewe andika Murhula mpaka jioni, haitoki, juu ile inalinganisha herufi tu. Na ndani ya skani hakuna neno hata moja la kutafuta, ni picha, kwa macho yetu ni maandishi lakini kwa ordinatere ni madoa. Za WhatsApp ndio mbaya zaidi, IMG halafu tarehe halafu WA na namba, nani atakumbuka hiyo? Lakini nikifungua dosie nikaweka picha kubwa kubwa, naona karatasi yenye kona imekunjwa na muhuri wa buluu chini, nasema hii hapa mama, chukua.

Wengine watasema panga kwa tarehe. Hizi mashini zetu za okazio, ile pile ndogo ya ndani yenye kushika saa ikishakufa, umeme ukikatika tu saa inarudi nyuma miaka na miaka, unakuta TFC (ile kazi ya kumaliza masomo yenye mwanafunzi wa chuo anaandika) ya jana imeandikwa 2009. Na hizo TFC! Kila mwanafunzi anaita yake tfc_final, tfc_final2, tfc_final_ya_kweli, utafute "final" uone orodha yenye itakuja.

Ndiyo maana napanga mafishie kwa mafungu kwenye ekrani: kushoto juu vyenye vinangoja kuimprimiwa, kulia vyenye havijalipwa, chini vya kufuta Jumamosi. Kijana mwenye ananisaidia haulizi, anaangalia tu. Kisanduku cha kutafuta hakikumbushi mtu deni, lazima ukumbuke kwanza wewe ndio utafute. Na si ushamba wa Bukavu, watafiti Barreau na Nardi waliandika tangu 1995 kwamba watu wanapenda kwenda pale waliweka kitu kuliko kuandika jina lake, na pale mahali penyewe panawakumbusha kazi. Apple ilileta Spotlight, kisanduku chake cha kutafuta, 2005, na Apple hiyo hiyo mwaka 2018 ikaongeza Stacks, mafungu ya mafishie kwenye ekrani. Kama kutafuta kulimaliza shida zote, walirudi huko kufanya nini?

Sisemi kutafuta ni bure. Barua yenye ulichapa mwenyewe na unakumbuka neno moja la ndani, hapo hakuna cha kushindana nako, na ekrani ikijaa mpaka mafishie yanapandana hata mimi naumia. Lakini hiyo ni ya mtu mwenye karatasi zake tu, sisi tunashika za mtaa mzima.

Basi mara ijayo mtuandikie namna ya kufanya ordinatere isome maandishi ndani ya skani, programu gani ya bure inaweza, kwa Kifaransa na kwa majina yetu ya huku, bila intaneti. Hiyo nitaikata niibandike ukutani.

Msomaji wenu,
Nyawera, Bukavu