Kabla Hujatia Dau: Barua kwa Ndugu Yangu wa Voi

Leicester, Uingereza
Alhamisi usiku

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wajukuu huko Hamburg. Sisi huku hatujambo, ila magoti yangu na baridi hii bado hawajapatana. Ama baada ya salamu, barua yako niliipata juzi pamoja na lile tangazo la mnada wa mtandaoni wa injini ya modeli ulilolinakili, na nimelisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani na kioo cha kukuzia mkononi, kwa kuwa mnada wenyewe unafungwa Jumapili saa mbili usiku na mimi nakujua ulivyo ukipenda kitu.

Kwanza niseme kwamba ninakuelewa. Sisi tuliolelewa kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi pale Voi, hatuwezi kuona picha ya Garratt, ile injini ndefu ya mvuke, tukabaki na akili zetu zote. Ilikuwa ikipanda kutoka Mombasa tunaisikia kabla hatujaiona, tunakimbilia stesheni tukishindana nani atalisoma kwanza jina lililobandikwa ubavuni, kwa maana zile injini 34 za aina ya 59 zilipewa majina ya milima. Hata leo ukifika Makumbusho ya Reli ya Nairobi utaikuta nambari 5918, Mount Gelai, imetulia na uzito wake wa tani zipatazo 250, kama mzee aliyekataa kuhama.

Lakini iliyo mnadani si hiyo. Ni modeli ya Garratt za kampuni ya reli ya LMS ya hapa Uingereza, injini 33 zilizojengwa kati ya 1927 na 1930 katika kiwanda kile kile cha Beyer Peacock, Manchester, kilichojenga zetu. Ni ndugu wa baba mmoja, sikatai, ila yetu ilikuwa na magurudumu ya kuvutia 16 na hiyo ina 12. Yetu ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee na hiyo ni nyeusi ti. Kama unaijua tofauti hiyo na bado unaitaka, sina neno. Hofu yangu ni kwamba moyo wako unatia dau kwa Mount Gelai, na Jumatano posta itakugongea mlango na mgeni.

Sasa nije kwenye reli zako, jambo ambalo tangazo halikuligusa kwa sababu muuzaji haijui nyumba yako. Uliniandikia mwezi uliopita kwamba ulimnunulia mjukuu sanduku zima la reli za Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za modeli, zile zenye safu ya vichwa vidogo vya chuma katikati ya mataruma. Katika mfumo huo umeme ni wa kubadilika-badilika, hupandia kwenye vile vichwa vya katikati, ukachukuliwa na kiatu kirefu kilicho chini ya injini, kisha ukarudi kwa reli zote mbili za pembeni, ambazo kwa umeme ni kama waya mmoja. Hiyo Garratt ni ya kipimo cha OO, kile cha modeli za huku Uingereza, ambayo huchukua umeme wa mkondo mmoja, volti 12, kutoka reli moja na kuurudisha kwa reli ya pili. Ukiiweka juu ya reli zako itasimama kama punda aliyegoma, kwa kuwa kulia na kushoto kwake ni kitu kimoja. Na ukifanya kinyume chake, yaani ukiichukua injini ya Märklin ambayo magurudumu yake hayakutenganishwa kwa umeme ukaiweka juu ya reli mbili za kawaida, utapata shoti papo hapo.

Kinachowaponza watu ni kwamba upana wa reli ni ule ule, milimita 16.5. Magurudumu yanakaa vizuri, futi inakubali, tangazo halikudanganya, na bado umenunua kitu kisichokufaa. Tena hata ukinunua reli nyingine, mabehewa yako ni ya kipimo cha HO, yaani moja kwa 87, wakati injini hiyo ni takriban moja kwa 76. Ukiyafunga pamoja itaonekana kama mtu mzima aliyekalishwa kwenye dawati la darasa la kwanza. Wapo wasiojali jambo hilo. Wewe unajali, maana ndiwe uliyelalamika kwamba kituo chako cha plastiki kina milango mifupi.

Tuchukulie kwamba hayo yote umeyakubali. Lisome basi tangazo lenyewe pamoja nami. Muuzaji anaandika kwamba injini haijajaribiwa kwa sababu hana vifaa. Ndugu yangu, kifaa cha kuijaribia ni betri ya volti 9 na vipande viwili vya waya. Unagusisha waya mmoja kwenye gurudumu la kulia na mwingine kwenye la kushoto, na injini yenye uhai hujikongoja hata kama imekaa kabatini miaka kumi. Sisemi kila anayeandika neno hilo ni mwongo. Wako wajane na watoto wanaouza mali ya marehemu bila kujua hata mbele ya injini ni wapi, na kutoka kwao neno hilo ni la kweli tupu. Lakini mjane wa namna hiyo hawezi kuandika nambari ya katalogi bila kukosea, wala hajui kusema kwamba injini iko tayari kwa mfumo wa dijitali. Huyu ameyasema yote mawili. Mtu anayejua mengi hivyo kisha akakosa betri, mimi humwekea alama ya kuuliza.

Na hilo la "tayari kwa dijitali" lisikuvimbishe kichwa. Maana yake ni kwamba ndani mna soketi tu. Kile kidude cha kupokea amri hakimo, utakinunua mwenyewe.

Picha zake ni nne. Moja ameitoa kwenye katalogi, naitambua kwa ile mandhari nyeupe isiyo na kivuli. Tatu zilizobaki zote ni za ubavu wa kushoto. Wewe ulikuwa ukienda na marehemu mama soko la mitumba la Kongowea, na unakumbuka alivyokuwa akilichukua shati: haangalii kola, analigeuza nje ndani, anakagua kwapa na mshono wa chini, kisha ndipo anauliza bei. Kwapa la injini ni tumbo lake. Hapo ndipo zinapoonekana gia zilizopasuka, magurudumu yaliyopiga weusi, na zile pete za mpira za kushikia reli ambazo huwa ngumu na kukatika kwa umri. Ubavu wa kulia nao unaweza kuwa hauna ngazi ya dereva, au vyuma vya kushikilia, vidude vyembamba kama sindano ambavyo huwa vya kwanza kuvunjika na vya mwisho kutajwa. Picha isiyokuwepo kwenye tangazo ndiyo ninayoitaka kuliko zote.

Ninayasema haya kwa uchungu kidogo, na sijapata kukusimulia sababu yake. Mwaka juzi nilishinda mnada wa injini moja ya mvuke, ya kiwanda ambacho sitakitaja, kutoka kwa muuzaji ambaye naye nitamsitiri. Tangazo lilisema hali ni kamilifu, haijawahi kutolewa kwenye boksi. Ilipofika, boksi lilikuwa safi, karatasi ya maelezo haijakunjuliwa, nami nikaanza kujipongeza. Nilipoinua sponji ya juu niliona chembe za kijivu zimetapakaa chini kama jivu la ubani. Nikaitoa injini nikaiweka mezani, ikakaa kwa magurudumu ya kati tu; mbele na nyuma vilikuwa vimenyanyuka, fremu yote imepinda kama ndizi. Nikaibonyeza kidogo kwa kidole gumba pale karibu na bafa. Ilivunjika kama kashata, na ndani ya kipande kilichovunjika hakukuwa na mng'ao wowote wa chuma, ni kijivu kilichofifia.

Ugonjwa huo ni wa aloi ya zinki, Mazak kama wanavyoiita hapa. Kama wakati wa kuiyeyusha iliingiliwa na uchafu, hasa risasi, chuma huanza kuoza kutoka ndani, kinavimba, kinapasuka, na mwishowe kinamomonyoka. Unyevu huuharakisha. Dawa hakuna, wala gundi haisaidii, kwa kuwa kile unachokigundisha nacho kinaendelea kufa. Ndiyo maana yale maneno "haijawahi kutumika" hayanipi tena raha yoyote. Injini iliyokimbizwa kila Jumapili kwa miaka ishirini imethibitisha kwamba mwili wake uko salama, lakini iliyolala gizani ndani ya boksi hakuna aliyeiuliza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipolirudia tangazo nilikuta alama zote zilikuwepo. Kwenye picha ya pili, kati ya bwela na kibanda cha dereva, palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na mstari wa fremu haukuwa sambamba na meza iliyoibeba. Nilikuwa nimeitazama picha ile si chini ya mara kumi. Muuzaji alisema yeye ni mtu binafsi na harudishiwi kitu. Hatimaye, baada ya wiki tatu za kuandikiana, waendeshaji wa mnada walinirudishia fedha kwa sababu moja tu, kwamba aliandika "kamilifu" na kilichofika kilikuwa kimevunjika. Angeandika "haijajaribiwa, inauzwa kama ilivyo", sijui ningeshikilia nini. Sasa unaona kwa nini neno hilo kwenye tangazo lako linanikwaruza.

Kwa hiyo jana usiku nilichukua rula nikaiweka kwenye skrini juu ya picha yako ya tatu. Fremu imenyooka, kwa pale inapoonekana. Sehemu ya nyuma imekatwa na ukingo wa picha.

Kuhusu dau lenyewe sitasema mengi, ingawa najua ndilo unalolifikiria zaidi. Katika minada hii mtandao hukutilia dau hatua kwa hatua hadi kwenye kikomo ulichokiweka, na bei unayolipa huamuliwa na yule anayekufuata. Ukiweka kikomo cha pauni 180 na anayekufuata akaishia 120, utalipa 120 na kidogo juu yake. Hasara ya kuweka mapema ni kwamba anayetaka kukupima, awe mshindani wa kweli au rafiki wa muuzaji, ana siku nzima za kukupandisha kidogo kidogo hadi auguse ukuta wako. Kwenye orodha ya madau ya hiyo Garratt kuna mmoja aliyepanda kwa pauni moja moja mara kadhaa kisha akanyamaza. Sina ushahidi wa lolote, huenda ni mzee kama sisi anayehesabu pensheni yake. Hata hivyo andika kikomo chako kwenye karatasi leo hii, ukiwa umeshiba na umetulia, baada ya kutazama bei ambazo injini kama hiyo imeuzwa kweli, si bei ambazo watu wanaziomba. Jumapili ukitie mara moja tu, dakika ya mwisho, kisha uzime kompyuta ukale. Mimi mwenyewe niliwahi kushindana na mtu nisiyemjua hadi nikalipa pauni 40 zaidi ya bei ya dukani, na kwa nusu saa nzima nilijiona shujaa.

Na usisahau forodha. Tangu mwanzo wa 2021 kifurushi kinachotoka huku kuja kwenu hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya Ujerumani, asilimia 19, na hesabu yake huingiza nauli ya posta. Isipokatwa wakati wa kulipa, mleta kifurushi atakudai mlangoni, na juu yake ataongeza ada yake. Injini ya pauni 150 inaweza kukufikia ikiwa na bei ambayo hutapenda shemeji aisikie.

Nimekuandikia kwa Kiingereza, kwenye karatasi ya pili, maswali ya kumtumia muuzaji. Yanakili jinsi yalivyo, yana adabu zote. Ninamwomba picha ya tumbo, picha ya ubavu wa kulia, na picha moja ya injini nzima imekaa juu ya kioo au meza bapa, kamera ikiwa usawa wa magurudumu. Ninamuuliza kama yuko radhi kuigusisha betri ya volti 9, na ataifunga vipi, maana injini nzito ikiachwa icheze ndani ya boksi hujivunja yenyewe njiani. Akijibu kabla ya Jumapili nitumie picha hizo saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Silali mapema siku hizi. Akikaa kimya, liache lipite. Mwezi ujao kuna mauzo ya modeli za treni kwenye ukumbi mmoja si mbali na kwangu, ambako wauzaji huwa na kipande cha reli mezani na mtu huiona injini ikitembea kabla hajatoa pochi. Nitakwenda, na betri nitaitia mfukoni.

Nisalimie shemeji, na mwambie mjukuu kwamba babu yake wa Leicester anauliza kama ile treni yake nyekundu bado inaanguka kwenye kona.

Ni mimi nduguyo,
wa landhi za Voi

Baada ya kusaini nimekumbuka: mwulize pia kama boksi lililo pichani ni la injini hiyo hiyo. Nambari iliyo ubavuni mwa boksi inaishia na 2, na ile ya kwenye injini, kwa jicho langu na kioo changu, inaishia na 7.