Butwaa si kila mshangao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hili neno butwaa maana naona tunalimaliza hivi hivi. Siku hizi kila kichwa cha habari watu "wapigwa na butwaa", nyanya zikipanda bei butwaa, msanii akinyoa nywele butwaa, mbunge akiuliza swali kali wenzake wote butwaa, halafu ukisoma ndani unakuta walikuwa wanashangilia na kugonga meza. Sasa jamani aliyepigwa na butwaa anagongaje meza?

Butwaa ni pale akili inagoma na mwili nao unafuata, mdomo wazi, macho yamemtoka, hata ukimwita jina haitiki. Ndo maana tunasema kupigwa, yaani linakujia tu hujajiandaa, ndugu yake ni bumbuwazi ambalo nalo linamshika mtu. Kushangaa ni kwa kila siku, unaweza kushangaa huku unakula. Kustaajabu, ambako asili yake Kiarabu na ni ukoo mmoja na ajabu, bado akili inafanya kazi, unatazama unatafakari, na wahenga walipima wakasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, maana angekuwa amepigwa na butwaa kwa ya Musa basi hayo ya Firauni yangepita asiyaone kabisa.

Chukua Novemba 5, 2023, Yanga 5 Simba 1 pale kwa Mkapa. Shabiki wa Simba aliyebaki amekaa kwenye kiti hasemi hanyanyuki, lile ndo butwaa lenyewe. Wa Yanga walikuwa wanaruka, kwa hiyo ukiandika uwanja mzima ulipigwa na butwaa umekosea nusu ya uwanja.

Na kuna mazito kuliko mpira. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa, au usiku wa Machi 17, 2021 Mama Samia, akiwa bado Makamu wa Rais, anatangaza kwenye tv kwamba Rais Magufuli amefariki. Hapo neno lilistahili kabisa. Tukishalichosha kwenye nyanya, siku kama hizo mtaandika nini?

Naomba tu wanaoandika vichwa vya habari, bei ikipanda wekeni "wananchi walalamika", msanii akinyoa wekeni "mashabiki washangaa", mbona inatosha na ni fupi zaidi.

Msomaji wenu,
Tanga