Mtunzeni na Anayeshika Kanuni

Assalaam alaykum, ndugu zetu, wazee wetu, na nyote mliowahi kukaa harusini mkawasikia vijana wetu wakipiga taarabu.

Tunaandika kwa haya, maana si mara ya kwanza kuwagongea mlango kuomba mchango. Masika yameingia, na paa la chumba chetu cha mazoezi hapa Mji Mkongwe limeshindwa kazi. Juzi tulipanga ndoo tano. Ya sita ilikosekana, na hapo ndipo maji yalipoiangukia kanuni.

Kwa asiyeijua, kanuni ni ala ya muziki yenye nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Ngozi ikinywa maji hulegea, ikilegea nyuzi zote zinapotoka kwa pamoja. Maalim, mwalimu wa watoto wetu, alivua koti akaifuta, akaiweka mapajani, akaanza kukaza uzi mmoja mmoja huku watoto 19 wamekaa kimya wanamtazama. Somo letu ni la saa mbili. Siku ile saa moja na nusu ilikwishia kwenye kukaza, na kanuni tuliyonayo ni hiyo moja.

Maalim mwenyewe ametukataza kutaja jina lake. Wengi mnamjua tu. Alianza utotoni kwa kuwabebea wakubwa fidla zao, akaruhusiwa kukaa safu ya nyuma, akashika udi, ala nyingine ya nyuzi, mwisho akakabidhiwa kanuni pamoja na okestra nzima. Haongozi kwa kifimbo. Anaongoza kwa nyusi, mikono yake ikiwa kazini: nyusi moja ikipanda fidla zinaingia, akiinamisha kichwa ngoma zinashuka. Mgeni anaweza kukaa usiku mzima asijue ni nani anayeongoza.

Ada hatozi. Kuna binti wa darasa la sita aliyehangaika miezi mitatu na ile sauti ya bayati, mojawapo ya makamu za muziki wa Kiarabu, isiyokuwa huku wala huko. Maalim hakumkemea. Kila akipita mlangoni kwao alimwimbia sauti ile mara moja, akaenda zake, hata mama mtu akaijua. Siku hizi binti huyo ndiye anayewaonyesha wadogo.

Sasa tuseme ukweli, na mtusamehe. Harusini tunawaona. Mwimbaji akifika penye beti tamu mnainuka na noti, mnacheza taratibu mpaka mbele, mnamtunza, mnarudi, mnainuka tena. Ni vizuri, ndiyo taarabu yenyewe. Lakini ni nani aliyewahi kuipita maikrofoni akamtunza yule mzee aliyeinamia nyuzi pembeni? Tumeuliza kwenye kamati. Hakuna aliyenyoosha mkono, na sisi wanakamati tumo.

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Yule alikuwa na Sultani wa kumgharimia. Hawa wetu wana nyinyi. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sote tunapenda kuyataja hayo mbele ya wageni. Kujisifia mambo ya mababu hakuna gharama. Nyuzi zina bei.

Mahitaji ni haya: bati, mbao na fundi, shilingi 1,850,000. Nyuzi na ngozi mpya ya kanuni, 900,000. Kutengeneza akodioni, 350,000. Jumla 3,100,000. Wazazi wameshachanga 640,000, kwa hiyo zimebaki 2,460,000. Akodioni hiyo ndiyo mliyotuletea nyinyi wa Maskati, Dubai na London, Mungu awazidishie. Imeliwa na chumvi na unyevu, si uzembe wa watoto. Tungeweza kununua kinanda cha umeme, vijana wawili wakamaliza harusi nzima, lakini hapo hatuna okestra tena.

Wapo watakaosema fedha hizi zingekwenda kwenye jambo jengine la kheri. Hatubishani nao. Hatuombi zaka wala sadaka ya mtu, tunaomba mchango wa wanaotusikiliza.

Hesabu ya mara iliyopita ilichelewa, na lawama ni yetu. Safari hii kila risiti itabandikwa mlangoni, na atakayechanga atasomewa mbele ya watu, isipokuwa akipenda asitajwe. Fedha apewe mweka hazina mkononi, naye atawapa risiti. Msimpe mtu mwingine, hata akisema ametumwa na Maalim, kwa sababu Maalim hamtumi mtu kuchukua fedha.

Alhamisi baada ya Isha watoto watapiga bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, na nyimbo tatu, kiingilio hakuna. Njooni muone wenyewe. Ngazi ni za zamani, pandeni polepole, na msikae upande wa dirisha: huko ndiko kwenye ndoo.

Wenu,
Kamati ya Wazazi