Safu ya 'ushindani' si ya waandishi wa makala

Mhariri,

Mafunzo ya biashara ya mtandaoni yamezagaa Nairobi, na karibu yote yana somo la kuchagua maneno ambayo wateja huandika kwenye Google. Mwanafunzi hufunguliwa Keyword Planner, chombo cha Google kinachoonyesha maneno yanayotafutwa, akaambiwa asake neno lenye utafutaji mwingi na ushindani wa "chini", kisha akaandike makala. Somo hilo linapotosha.

Safu hiyo ya ushindani haihusu makala hata kidogo. Keyword Planner ni chombo cha wanaonunua matangazo, na "chini" maana yake ni kwamba watangazaji wachache wanalipia neno hilo. "Dalili za malaria" laweza kukosa watangazaji kwa kuwa hakuna cha kuuza, ilhali ukurasa wa kwanza umeshikwa na hospitali na mashirika ya afya ambayo tovuti ya miezi miwili haiwezi kuyapiku. Kinyume chake pia hutokea: watangazaji wanagombania neno, lakini chini ya matangazo yao kurasa ni dhaifu.

Kuhusu idadi ya utafutaji kwa mwezi, akaunti isiyotumia pesa za kutosha kwenye matangazo huonyeshwa mafungu tu: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Neno la mara 120 na la mara 900 yanaonekana sawa. Tena huo ni wastani wa miezi 12. Tuseme watu 7,000 hutafuta jinsi ya kujaza ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, mwezi Juni, kwa kuwa mwisho ni tarehe 30, na 200 katika kila mwezi mwingine. Wastani utasoma kama 770, idadi isiyotokea mwezi wowote. Makala ya Machi ina muda wa kutambuliwa na Google kabla ya msimu. Ya Julai itasubiri karibu mwaka.

Kabla ya kuamini takwimu yoyote, kagua eneo. Ukiacha "maeneo yote", neno la Kiswahili litahesabu hata watu wa Dar es Salaam na Mwanza, ambao hawaji kununua godoro Gikomba. Chagua Kenya, na kwa biashara ya mtaani chagua Nairobi peke yake. Kisha jaribu kila umbo: "fundi wa stima", "fundi stima", "fundi wa umeme", pamoja na la Kiingereza, maana Mnairobi huchanganya lugha hata anapotafuta. Usitarajie chombo kikujumlishie.

Njia ya bure ya kukaribia idadi halisi hupitia Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana kwenye utafutaji. Chukua neno ambalo ukurasa wako tayari uko kati ya matokeo matano ya kwanza. Mara ulizoonyeshwa kwa mwezi hukaribiana na mara lililotafutwa. Liweke kwenye Google Trends sambamba na neno jipya, nchi moja na kipindi kimoja. Trends haitoi idadi bali uwiano wa 0 hadi 100. Neno lako likiwa na wastani wa 20, jipya 60, nawe ulionyeshwa mara 400, jipya ni kama 1,200. Ila Trends hutumia sampuli, kwa hiyo maneno madogo huporomoka hadi sifuri hata kama watafutaji wapo.

Kwa hayo madogo, lipia tangazo kidogo. Weka neno peke yake kwa ulinganisho kamili (tangazo litokee kwa neno hilo tu), eneo la Nairobi, wiki mbili, halafu gawanya idadi ya maonyesho, yaani mara tangazo lilipoonekana, kwa mgao wa maonyesho, yaani sehemu ya nafasi zote ambazo lingeweza kuonekana. Maonyesho 180 kwa mgao wa asilimia 60 ni utafutaji 300. Google ikiandika kwamba mgao uko chini ya asilimia 10, hesabu haiwezekani. Ongeza bajeti au dau, yaani kiasi unachokubali kulipa kwa kila mbofyo. Soma pia orodha ya maneno yaliyoandikwa hasa na watu, kwani siku hizi hata ulinganisho kamili huzoa maneno jirani.

Ushindani wenyewe hupimwa kwa macho. Fungua dirisha la faragha kwenye simu na usome ukurasa wa kwanza wote. Ile "matokeo milioni nne" ni makadirio tu; unashindana na kurasa kumi. Posti za Facebook, majibu mafupi ya majukwaani, PDF kuukuu na makala zinazogusia jambo kwa aya moja ni dalili kwamba Google imekosa cha maana. Kwa maoni yangu, tatu za namna hiyo kati ya kumi zatosha kujaribu. Moja haitoshi. Alama za ugumu za Ahrefs, chombo cha kuchunguza maneno na tovuti, zisikutie moyo haraka: hutokana na idadi ya tovuti zenye viungo vya kwenda kwenye kurasa hizo kumi. Alama 0 huweza kutolewa kwa sababu kurasa hizo hazina viungo vyake, huku zikibebwa na nguvu ya tovuti nzima ya gazeti kubwa.

Angalia pia kilicho juu ya kurasa hizo. Ukitafuta "fundi wa friji Kayole" ukaona ramani yenye biashara tatu, makala haikusaidii sana. Shughulikia wasifu wa biashara kwenye Google, picha, saa za kazi na maoni ya wateja. Dola ni shilingi ngapi hujibiwa hapo hapo, hivyo utafutaji wake mwingi hauleti wageni. Na anayeandika iTax, tovuti ya kodi ya KRA, anataka kwenda iTax, si kwako.

Maneno yenye kistari mahali pa idadi yasitupwe. Google ikilikamilisha neno unapoliandika, kuna wanaolitafuta. Muuzaji wa pampu za visima Ruai anafaidika zaidi na watu 20 wanaouliza bei ya pampu ya kisima cha mita 60 kuliko 3,000 wanaotaka picha za pampu.

Wakufunzi wabadilishe zoezi: kabla ya kuandika, kila mwanafunzi alete vichwa vya kurasa kumi za kwanza, tarehe zake, na sababu ya kuuita kila mmoja dhaifu au imara.

Mjenzi wa tovuti za biashara ndogo,
Ngara, Nairobi