Ile masaa 16 ifute

Oya Hamisi,

Vipi huko Guangzhou? Huku Kigoma tupo poa, giza limeingia, usiku hauna mwezi, kwa hiyo dagaa wanashuka mwaloni Kibirizi kila asubuhi, bi mkubwa anakusalimia sana.

Sasa sikia, ile voisi ya juzi nilosema kuja huko nakaa hewani masaa 16 ifute. Mi niliangalia tiketi nikaona natoka Dar 11:00 nafika 03:00, nikahesabu toka hapo mpaka pale nikapata 16, nikaenda kutangaza kijiweni Mwanga mpaka mama akaanza kuuliza eti humo ndani mtu anajisaidiaje muda wote huo. Jana dogo wa steshenari ananitolea kopi ya tiketi akacheka, braza, saa ya kuondoka ni ya Bongo ya kufika ni ya China, na wale wako mbele yetu masaa matano. Kumbe ni 11 tu! Ya kurudi ndo kichekesho, natoka huko 09:00 nafika Dar 15:00, hapo ningekwambia masaa sita mteremko mtupu.

Nikakaa nikapiga hesabu mwenyewe maana sikumwamini sana yule dogo. Dar mpaka Guangzhou ni kama kilomita 8,700 ukipima ule mstari mfupi kabisa, unakatiza Bahari ya Hindi, ukifika nusu ya safari uko kusini mwa India upande wa Kerala. Ndege kubwa ikishatulia juu inakimbia kama 900 kwa saa, gawanya, masaa tisa na dakika arobaini hivi, weka kupaa na kushuka, weka na kona maana njia ya angani nayo hainyooki kama kamba, ndo unaikaribia hiyo 11.

Alafu cheki maajabu, Kigoma mpaka Dar kwa anga haifiki hata kilomita 1,100, bombadia, ile ndege ya pangaboi, ni kama masaa mawili, ila hela ya bombadia nimeiweka kwenye mzigo so napanda treni, reli ya Mjerumani ile iliyofika kwetu 1914, kilomita 1,250 hivi, nalala humo usiku mbili. Yani nitachoka kabla sijaiona hiyo ndege.

Kwa hiyo usije ukanifuata saa tisa mchana kama ulivyoandika bhana, 03:00 ni saa tisa usiku na tarehe inakuwa imeshageuka, naondoka Jumamosi nafika usiku wa kuamkia Jumapili. Simu yangu itakuwa bado inasoma saa nne usiku ya huku, ukiona meseji za ajabu ajabu usishangae.

Dagaa nimekufungia kilo mbili. Niulizie kama hapo airport wanapitisha, wakikataa nawaacha kwa shangazi Temeke, yeye hakatai.

Mwanao,
Rama